Viatu vya baba mukubwa

Juzi mchana nilimkuta binti yangu amelala na viatu miguuni, nikamkumbuka baba mukubwa, kaka yake baba.

Nilikuwa bado mtoto wa shule, na mwalimu alikuwa ametutuma tuwahoji wazee waliopigana vita. Baba mukubwa nilimkuta kwake Kilibula, nyumba ikinukia samaki wa ndagala na siraji ya viatu, anakoroma kwenye mkeka, viatu miguuni. Nikamhurumia, nikaanza kumfungua kamba. Akashtuka, kisha akacheka, akanishika mikono.

“Uache, mama. Siku ya kukimbia, hakuna mwenye atakungojea ufunge kamba.”

Darasani nilijigamba kwamba baba mukubwa wangu alikuwa bingwa wa mbio.

Siku hizi milio ya risasi inatufikia kutoka milimani. Binti yangu sikumvua viatu. Kamba moja ilikuwa imelegea. Niliikaza polepole, asiamke.