Mayai ya Mama Aimée Yajigeuze

Pale Bwera, Uganda, kwenye njia inayoshuka Mpondwe mpakani mwa Kongo, kuna kibanda cha mabati chenye kaunta iliyojaa makovu ya lehemu. Mwenye kibanda ni Alisi, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, fundi wa redio, chaja, tochi na chochote chenye waya. Wageni wakifika huangaza macho huku na huku, wakauliza fundi yuko wapi. Alisi huwajibu, "Ametoka kidogo, niachie mimi," kisha hukifungua kitu chao palepale na kukitengeneza mbele ya macho yao. Mpaka waelewe, redio imeshaanza kuimba.

Ana sharti moja ambalo limemfukuzia wateja wengi na kumletea wengi zaidi: kazi haitoki kibandani kabla ya kujaribiwa siku nzima. Wapo mafundi wanaofunga kifuniko mara tu taa inapowaka, wakamsukuma mteja aende zake kabla haijazima. Huo si ufundi, ni wizi wenye bisibisi. Alisi alikataa kuishi hivyo tangu siku alipokaa kwenye kaunta ile.

Jumatatu moja alikuja Laurentine, ambaye wote humwita Mama Aimée. Ni mfanyabiashara kutoka Butembo, upande wa Kongo, Mkatoliki wa misa ya kwanza, aliyehamia Nyakiyumbu miaka mingi iliyopita. Huangua vifaranga kwa mashine na kuviuza soko la Mpondwe. Siku hiyo alikuwa amebeba betri yake ya akiba ya sola kichwani, na uso wake ulikuwa mzito kuliko betri.

"Fundi, Aimée anaolewa Jumamosi, kule Kasese. Na mimi mama yake sitakuwa pale."

"Kwa nini? Umegombana na wakwe?"

"Nimegombana na mayai."

Alisi akacheka, lakini mwenzake hakucheka. Mayai mia moja na ishirini yalikuwa ndani ya mashine, siku ya tatu. Lazima yageuzwe mara nyingi kila siku, la sivyo kiini hugandamana na ganda na kifaranga hufa kabla ya kuwa kifaranga. Mama Aimée huyageuza kwa mkono. Harusi ingemchukua siku tatu, Ijumaa mpaka Jumapili. Mwezi wa nne alimwachia kazi hiyo jirani yake, Night, akaenda kuzika. Night aliyageuza mara moja kwa siku mbili, akaapa kwa Bikira Maria kwamba aliyageuza kila saa. Yote yalioza.

"Na safari hii hata Night mwenyewe hayuko," akasema. "Ndiye anamusimamia bibi harusi. Kijiji yote inapanda basi. Nani atabaki? Mbuzi?"

"Basi mayai yatajigeuza yenyewe," Alisi akasema. "Niachie betri. Alhamisi utaona."

Neno likishatoka ni deni, na Alisi alilijua hilo. Kesho yake asubuhi alianza kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Trei ya mayai ilitakiwa iegemee kushoto, na baada ya saa mbili iegemee kulia. Alikuwa na mota ndogo ya volti kumi na mbili aliyoitoa kwenye printa mbovu, na kisaa cha elektroniki cha kutoa amri. Lakini mota ya namna hiyo huzunguka upande mmoja tu, mpaka ugeuze waya zake. Nani atakaa pale kuzigeuza? Ilibidi atengeneze sakiti ya kuziendesha: transista nne, kama milango minne, mbili juu upande wa betri, mbili chini upande wa kurudi, na mota katikati. Ukifungua milango miwili ya mshazari, umeme hupita kwenye mota kwenda huku. Ukifungua mingine miwili, hupita kwenda kule. Akaongeza dayodi nne za kupokea umeme ambao mota huurudisha kwa hasira kila inaposimamishwa.

Ili asichanganye, Alisi huyapa majina mambo yake. Wakonzo, watu wa milima ile, huwaita watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, wasichana kwa orodha yao na wavulana kwa yao. Basi transista za juu akazifanya mabinti: wa kushoto Masika, kifungua mimba, na wa kulia Biira, wa pili. Za chini akazifanya wavulana: wa kushoto Baluku, wa kwanza, na wa kulia Bwambale, wa pili. Akaandika majina kwenye vipande vya karatasi ya gundi, akavibandika, akaona familia imekamilika.

Kisha ikabidi aamue nani atumwe pamoja na nani. Hapo malezi yakamponza. Nyumbani kwao wakubwa walitumwa pamoja, kuni na maji ya mbali, na wadogo wakatumwa pamoja. Bila hata kuwaza mara mbili, akaunganisha Masika na Baluku kwenye waya mmoja wa amri, Biira na Bwambale kwenye mwingine.

Jumatano saa sita mchana akaunganisha betri. Kisaa kikatoa amri. Mota haikutikisika hata kidogo. Moshi ukapanda kutoka kwa Masika, ukapanda kutoka kwa Baluku, na harufu ikajaza kibanda.

Alichomoa waya kwa kasi. Alipoinua uso, Mama Aimée alikuwa amesimama mbele ya kaunta, kitenge kipya cha harusi mkononi, pua imekunjwa.

Hapa ndipo watu hupimwa. Betri ilikuwa ya Mama Aimée, ya zamani, na yeye hajui umeme. Neno moja tu lingetosha: betri yako ina matatizo. Wangapi tunawajua ambao wangelisema bila kupepesa jicho? Alisi alilisikia neno hilo likimpanda kooni. Akalimeza.

"Ni mimi, Mama Aimée. Betri yako ni nzima. Nimeunganisha vibaya, nimeunguza mbili."

"Eee! Ulitaka mayai ya kuangua ama ya kukaanga?"

"Nicheke tu, ninastahili."

"Nitacheka nikifika Kasese. Sasa nieleze, hawa batu uliowaandika hapa wamefanya nini?"

Alisi akafuata njia ya umeme kwa kidole, akieleza polepole, na kwa kueleza akaliona kosa. Masika na Baluku walikuwa upande mmoja, mmoja juu ya mwenzake. Walipofunguliwa pamoja, umeme ulishuka moja kwa moja kutoka betri mpaka chini bila kupita kwenye mota. Mkubwa wa kushoto alipaswa kutumwa pamoja na mdogo wa kulia.

"Wakubwa wawili!" Mama Aimée akapiga kofi kaunta. "Si ungeniuliza mimi? Nilikuwa na wakubwa wawili nyumbani. Ukiwatuma pamoja, maneno mingi, moshi mingi, na maji haifiki."

Wakacheka mpaka muuza viatu wa jirani akachungulia.

Kicheko hakileti transista. Bwera nzima siku hiyo hazikupatikana za aina ile. Alisi alitazama ukutani, kilipo kikuza sauti chake, kile kinachopiga muziki kuita wateja. Alikifungua, akatoa mbili, akazipa majina ya waliotangulia. Kibanda kikawa kimya kama siku ya Ijumaa Kuu, na wapita njia wakauliza fundi kafiwa na nani.

Safari hii alimtuma Masika pamoja na Bwambale, na Biira pamoja na Baluku. Mota ikavuma, ikasimama, ikarudi. Alhamisi ilifanya kazi kutwa na mawe madogo mia moja na ishirini kwenye trei ya majaribio, na Alisi akagusa transista kila baada ya amri kuona kama zinapata joto. Zilikuwa vuguvugu tu.

Ijumaa asubuhi alifunga kila kitu kwa Mama Aimée, Nyakiyumbu, ndani ya mashine yenyewe. Nje basi lilikuwa linapiga honi, wanawake wameshaanza kuimba. Alisi akavuta kigoda, akaketi.

"Nendeni salama. Mimi nitabaki kuiangalia."

Mama Aimée, mguu mmoja mlangoni, akageuka.

"Utabaki?"

"Siku tatu tu. Kwa usalama."

"Fundi, ile kitu inafanya kazi ama haifanyi?"

"Inafanya."

"Kama inafanya, panda basi. Kama haifanyi, niambie ukweli, nivue hii kitenge nibaki. Lakini wewe kukaa hapa kuchunga mashine, hapana. Nitakuwa kanisani, roho iko hapa, ninajiuliza fundi anaogopa nini."

Alisi aliitazama trei, akaitazama sakiti, akajiuliza kwa haki kabisa kama ameacha jambo lolote. Hakuacha. Fundi anayeikimbia kazi yake mbovu ni mwongo, lakini na yule asiyethubutu kuiachia kazi yake nzuri bado hajaimaliza. Akaufunga mlango wa mashine, akapanda basi na nguo zake za kazi, na njia nzima hadi Kasese wanawake walimfunga vitambaa vya kuazima mpaka akafanana na mgeni rasmi.

Jumamosi, padri alipomwita mama wa bibi harusi, Mama Aimée alisimama kwa vigelegele vyake mwenyewe kabla ya mtu mwingine kuanza.

Jumapili jioni walirudi. Trei, waliyoiacha imeegemea kushoto, waliikuta imeegemea kulia. Mama Aimée alichukua tochi, akazima taa, akamulika yai la kwanza: mishipa myekundu, na katikati kitone kinachocheza. Akamulika la pili, la tatu, la kumi.

"Fundi," akasema, "vifaranga beko wanaruka ndani humu kama batu wa arusi."

Siku ya ishirini na moja, yaliyoanguliwa yalikuwa mia moja na nne.