Pua Iliyokufa Boharini

Gari la kiwanda lilipokata kona ya mwisho, mgeni alijifunika pua kwa kitambaa. Mzee aliyetumwa kumpokea naye akakunja uso, akakohoa kidogo.

"Ndiyo kwetu huku, mwalimu," alisema. "Utazoea."

Mwenyewe hakunusa kitu. Alimtazama tu mgeni usoni, akaiga.

Kiwandani mzee huyo walimwita Pua. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho. Walikuwa wakitia nguo rangi, na taka zao za maji zikiwekwa kwenye mapipa katika bohari ya nyuma: huku tindikali, kule dawa ya kupaushia, katikati ukuta, kwa sababu vikikutana hutoa hewa inayochoma mapafu. Lebo hazikudumu, maji yale yalizitafuna. Kwa hiyo mpango wa usalama, uliopakwa rangi ukutani, ulianza hivi: "Usipojua, muulize Pua." Naye angelegeza kizibo, apunge hewa kwa kiganja, atoe hukumu, kisha pipa limiminwe kwenye tangi la aina yake. Barakoa aliikataa miaka yote. "Mwamuzi hafungwi macho," alikuwa akisema.

Pua hiyo ilizimika polepole kama kaa la moto. Alijua imekufa siku binti yake alipompakatisha mjukuu mchanga. Aliinamia utosi wa mtoto, akavuta pumzi. Ikawa kama kunusa jiwe.

"Ananukia maziwa," alisema, na wote wakafurahi.

Tangu hapo akawa msomaji wa nyuso. Pipa likifunguliwa, aliye karibu akipepesa macho, ni tindikali. Akibana midomo, ni ya kupaushia. Alijiambia kwamba ujuzi ni uleule, umehama tu kutoka puani kwenda machoni.

Asubuhi iliyofuata mwalimu wa usalama aligawa barakoa za uso mzima.

"Na Pua je?" aliuliza mkwewe, baba wa yule mtoto, ambaye kazi yake ilikuwa kubeba mapipa. "Ukimziba huyu, umefunga bohari!"

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu akasema basi, amwone kwanza anavyofanya kazi, wengine wavae.

Likaletwa pipa lisilo na lebo. Pua akalegeza kizibo, akapunga mkono, akainua macho kumtafuta mkwewe. Akakuta kioo na mpira. Akamgeukia mwalimu: kioo na mpira. Hakukuwa na uso hata mmoja wa kusoma.

"Ya kupaushia," alisema.

"Haya, baba." Mkwe akalikumbatia pipa, akalipeleka kwenye tangi la dawa ya kupaushia, akaanza kuliinamisha.

"Ngoja!"

"Nini tena?"

"Weka chini. Sijui ni nini."

"Baba, leo umeamka na utani."

"Sijui, mwanangu. Sinusi. Hata mtoto wako sijawahi kumnusa."

Mwalimu alichovya kipande cha karatasi ya kupimia ndani ya pipa. Kikawa chekundu: tindikali. Hakuna aliyehitaji kuelezwa; wote walitazama lile tangi, kisha mlango, ulivyo mbali.

Mkwe alivua barakoa taratibu. "Na yale mengine? Yote niliyomimina mwaka huu nikikuuliza, ukanijibu?"

"Nilikuwa nakutazama uso."

"Uso wangu! Kwa hiyo nilikuwa najiuliza mwenyewe."

Pua alitaka kumshika bega. Kijana akarudi nyuma hatua moja, na mzee akaushusha mkono wake. Msimamizi akaja na kopo la chokaa, akapaka juu ya mstari wa kwanza wa ule mpango ukutani. Hakumfokea, na hilo liliuma zaidi.

"Nyumbani utakuja?" Pua alimwuliza mkwewe.

"Nitakuja. Lakini mtoto sitamleta, baba... kwanza niache nitulie."

Mzee akaitikia kwa kichwa, kama aliyeambiwa habari za hali ya hewa. Akachukua koti lake, akamwambia mwalimu, "Samahani, nimekuachia kazi kubwa," akatoka.

Mwalimu alibaki boharini na vipande vyake vya karatasi. Mapipa yalipangwa hadi darini, upande huu na ule wa ukuta, na sasa hapakuwa na hata moja ambalo mtu angeweza kusema lina nini. Akavuta la kwanza.