Tangi la Hewa Tunaloegemea

Jumanne. Asubuhi ukungu mzito, manyunyu, baridi ya kuuma vidole.

Ndugu Mhariri, naomba ufiche jina langu. Nina miaka ishirini na mitatu, nimemaliza kidato cha nne, na ninafanya kazi katika kiwanda cha kusindika matunda huku Lushoto. Ninaendesha mashine ya kupima makopo: kopo huzamishwa majini, likajazwa hewa ya kompresa, mashine ya kushindilia hewa, na likitoa mapovu tunajua linavuja.

Hewa hiyo hukaa katika tangi la chuma. Kwa unyevu wa huku kwetu, maji hujikusanya chini ya tangi na kukila chuma kwa ndani. Fundi aliyetufundisha alisisitiza koki ya chini ifunguliwe kila siku. Alipohama, tukaacha. Kina mama wanaopanga makopo hufika wakitetemeka, wakaketi sakafuni na kuegemeza migongo kwenye tangi kwa sababu lina joto. Koki ikifunguliwa, maji machafu huwarukia kanga, basi hawataki iguswe.

Leo nimeifungua kabla hawajafika. Yakatoka maji mekundu na magamba ya kutu. Nikatazama juu: valvu ya usalama, ile inayofunguka yenyewe hewa ikizidi, imekazwa kwa waya.

Aliyeikaza ni msimamizi wetu, mjomba wangu aliyenilea tangu mama afariki. Ninaishi kwake.

"Shikamoo mjomba. Ule waya..."

"Marahaba. Uache."

"Tangi limeoza ndani. Likipasuka je?"

"Limepasuka?"

"Bado."

"Basi. Valvu ile inamwaga hewa, mashine inasimama, na spea hakuna. Kesho wageni wa mkoa wanakuja. Wakikuta tumekaa, atakayeitwa mhujumu ni wewe au mimi?"

Nikawasihi kina mama wasiegemee. Wakacheka.

"Binti wa kidato," akasema mmoja wao, "wewe una sweta. Sisi jiko letu ndilo hili." Akaegemea, mwanawe mchanga mapajani.

Siku nzima sikuondoa macho kwenye geji inayoonyesha nguvu ya hewa. Kazi ilipokwisha nilibaki nyuma, nikatoa hewa yote, nikauchomoa mkanda wa kompresa na kuuficha ndani ya kikapu. Bila mkanda haizunguki.

Nyumbani, wakati wa chakula cha usiku, mjomba aliniambia taratibu, "Ukienda kwa meneja, usirudi kulala hapa." Kisha akanisogezea kipande kikubwa cha nyama, kama afanyavyo siku zote.

Ndugu wasomaji, nikimweleza meneja, mjomba atafukuzwa na mimi sina kwingine pa kwenda. Nikiurudisha mkanda, yule mama ataegemea tena na mwanawe. Najua majibu yenu yatachelewa, lakini waya ule hautajifungua wenyewe. Nishaurini kama mnavyomshauri mtoto wenu: nishike njia ipi?

Nazima kibatari saa nane na nusu usiku. Mkanda uko chini ya mto.