Mkanda wa Kushoto

Hebu mwone fundi viti vya magari wa mtaa wa Musinzira akija, mpira wa ndani wa tairi begani, mkasi mfukoni. Hafungui kiti kabla hajakikalia. Nuru, aliyetoka Muyinga mgongo ukimuuma katika Peugeot kuukuu ya marehemu baba yake, alishuka akamwona akiketi kwenye kiti cha dereva na kufumba macho.

“Mzee alikuwa analalia kushoto,” fundi akasema.

“Mguu wa kulia ulimsumbua,” Nuru akajibu.

Mikono mipana ya fundi ikakata mpira, ikavuta mikanda mipya chini ya kiti. Kila mmoja aliugonga kwa kidole, akausikiliza. Kwenye mkanda wa kushoto, wa zamani, uliolegea, akasita.

“Dada, huu nikibadilisha, we utakaa sawa. Nikiacha, utakaa kama yeye.”

Nuru akaushika. Ungekuwa wewe, ungemjibu nini?