Nyumba ya Msiba Isiyo na Mkeka

Shangazi yangu hakualikwa katika safari ile. Nianze na hilo, maana siku hizi akisimulia utadhani safari ilikuwa yake na kwaya nzima tulikwenda kumsindikiza.

Kwaya yetu ya hapa Benaco ilikuwa imeitwa kuimba katika kanisa moja ng'ambo ya mto, Rwanda. Njiani tungepita kwenye jumba la kumbukumbu ya mauaji ya kimbari. Mimi naimba besi. Mwalimu wa kwaya husema besi yangu anaisikia Mungu peke yake, na kwamba nisijali, kwani ndiye anayeimbiwa. Shangazi haimbi kabisa. Siku akijaribu, watu wa benchi la mbele hugeuka kutazama kuna nini. Lakini aliposikia habari za jumba lile, alimfuata mwalimu nyumbani kwake, akakaa kwenye kigoda, akasema haondoki mpaka jina lake liandikwe.

"Mama, utaimba sauti gani?" mwalimu akamwuliza.

"Nitanyamaza. Kwenye kwaya yako hiyo ndiyo sauti inayokosekana."

Akaandikwa.

Asubuhi ya safari alifika amejifunga kitenge kiunoni, kingine begani, na kapu kichwani. Ndani ya kapu kulikuwa na maharage nusu kapu na chane moja la ndizi mbichi, vimefunikwa kitambaa safi. Kwetu, ukimwona mwanamke amejifunga hivyo na amebeba hivyo, huulizi anakokwenda, unauliza tu amefiwa nani. Wanakwaya, na sare zetu za bluu, tukaanza kukonyezana.

"Shangazi," nikamwambia kwa sauti ya chini, "kule ni makumbusho. Watu wanaingia, wanatazama, wanatoka."

"Walikufa watu, hawakufa?"

"Walikufa."

"Basi ni msiba. Shika kapu nipande."

Gari lilikuwa Coaster iliyokodiwa Nyakanazi, na dereva alikuwa mtu wa huko huko, mwenye maneno mengi. Shangazi alikaa na mimi kiti kimoja, kapu magotini. Ndipo aliponisimulia, vipande vipande, kila mara akikatiza ili kumwambia dereva apunguze mwendo.

Kabla sijazaliwa, alikuwa na rafiki ng'ambo. Walifahamiana gulioni Rusumo. Mwenzake aliuza mtama, yeye ndizi, na urafiki wao ulianza kwa kugombania kivuli. Shangazi alipofiwa na mtoto wake wa kwanza, yule rafiki alitembea kutwa nzima na kapu la maharage kichwani. Alifika, akaketi naye chini siku tatu. Alimpikia, akamlisha, akamwogesha kama mtoto. Halafu akarudi kwao.

Mwaka wa mauaji, mto ulileta maiti. Watu wa kwetu waliacha kula samaki kwa muda mrefu, na mpaka leo shangazi hagusi samaki. Kisha watu wakavuka daraja, wengi kuliko walivyowahi kuonekana, wakajaza vilima vyote vya Benaco. Shangazi alizunguka kambini siku nyingi akiuliza habari za rafiki yake. Mwisho akampata mama mmoja wa kilima kile kile. Yule mama hakumtazama usoni. Alimwambia tu, "Usimtafute huku. Wa nyumba ile hakuvuka hata mmoja."

"Ukafanyaje?" nikamwuliza.

"Ningefanyaje? Yeye alinilia mwanangu. Na mimi nilitaka kwenda kumlilia. Nikamlilie kwa nani? Mume hayupo, watoto hawapo, nyumba haipo. Na pale kambini wauaji nao walikuwamo, usingejua yupi umpe pole na yupi umkimbie."

Shangazi ni mtu anayeweza kukosa harusi ya ndugu yake kwa sababu ana palizi, lakini msiba hakosi. Amekwenda hadi misiba ya watu aliogombana nao, na huko akagombana nao tena. Msiba huu mmoja ulikuwa umemkaa moyoni miaka yote. Sasa alikuwa amesikia kwamba ipo nyumba ambamo wafu wale wamewekwa pamoja, akasema basi hapo ndipo matanga yalipo, na mwenye msiba hawezi kukosekana.

Mpakani askari alifunua kitambaa cha kapu. "Mama, haya unaenda kuuza?"

"Mwanangu, kwenu watu huuza msiba?"

Askari akafunika kapu mwenyewe, taratibu, na kulikunjia pembe za kitambaa. Akina mama wa sauti ya kwanza hawakuwa na bahati hiyo. Walinyang'anywa mifuko yao yote ya plastiki, ambayo huko ni marufuku, wakabaki wamekumbatia maandazi vifuani.

Baada ya daraja dereva alihamia upande wa kulia wa barabara, kama inavyotakiwa huko, na shangazi akafumba macho mpaka nikamhakikishia kwamba kila mtu amehamia. Mwalimu wa kwaya akatukumbusha kurudisha saa zetu nyuma saa moja, kwa kuwa Rwanda wako nyuma yetu.

"Kumbe," akasema shangazi. "Basi hatujachelewa sana."

Gari zima likacheka. Yeye hakucheka.

Tulifika. Jumba lilikuwa jeupe, limezungukwa na maua na nyasi zilizokatwa vizuri kuliko nywele zetu. Mlangoni alisimama mlinzi mwenye suti.

"Chakula hakiingii ndani, mama," alisema. Alisema kwa lugha yao, lakini Kihangaza chetu na lugha yao ni mtu na binamu yake.

"Sikuja kukila. Nimekuja kukitoa."

"Kumpa nani?"

"Mwenye msiba. Niitie."

Mlinzi akafikiri. "Mkurugenzi leo hayupo."

"Simtaki mkurugenzi."

Shangazi akachungulia kupitia mlango wa kioo. Wageni walikuwa wanapita kimya, mikono nyuma. "Hakuna hata mkeka," akaniambia. "Watu wamesimama tu, kama wanasubiri dawa zahanati. Pole gani husemwa kwa kusimama?"

Akakataa kuliacha kapu kwa mlinzi, na mlinzi akakataa kumpitisha na kapu. Kwa hiyo shangazi akaketi kwenye nyasi kando ya lango, akanyoosha miguu, akanitazama.

"Ingia wewe. Mtafute mwenye msiba, umlete hapa."

Mimi ni mtu ambaye dukani nikipewa sukari badala ya chumvi, naondoka na sukari. "Si aende mwalimu?"

"Mwalimu ataongea nusu saa na asiulize kitu. Wewe umefika la saba. Nenda."

Nikaingia na wenzangu. Aliyetuongoza alikuwa msichana wa umri wangu, mwenye Kiswahili cha polepole na kizuri. Nikajiambia nitamwuliza chumba cha kwanza. Chumba cha kwanza kikapita. Nikasema cha pili. Huko kulikuwa na picha za watu ukutani, wengine wakiwa kwenye harusi zao, na wanakwaya waliokuwa wanacheka garini walikuwa wameshikana mikono bila kujua. Mwimbaji wetu wa sauti ya tatu, mtu ambaye hanyamazi hata wakati wa sala, alikuwa anasoma majina chini ya picha kwa midomo tu. Sikuuliza.

Chumba cha tatu kilikuwa na kabati la kioo lenye vitu vilivyookotwa: funguo, chanuo, rozari, kijiko cha mti. Na daftari la shule, limefunguliwa kwenye ukurasa wa hesabu. Mtoto alikuwa ameandika saba mara nane ni hamsini na nne. Mwalimu wake alikuwa ameweka alama ya kosa kwa wino mwekundu, na chini yake ameandika neno moja. Neno lile hata kwetu linaeleweka. Maana yake: rudia.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mafuvu. Usiku kucha nilikuwa nimejiambia, utaona mafuvu, usiogope. Sikuwa nimejiandaa kukutana na mtu asiyejua saba mara nane. Mimi saba mara nane ilinitesa miaka miwili. Nilichapwa kwa ajili yake, nilisimamishwa mbele ya darasa kwa ajili yake, na hamsini na nne yangu ilikuwa hiyo hiyo, kama tuliokuwa tunaibiana majibu. Lakini mimi niliambiwa rudia, nikarudia.

Wenzangu wakaenda chumba kingine. Mimi miguu haikwenda. Kwaya ilipofika nje na kuhesabiwa, nilikuwa bado pale, na yule msichana akarudi kunichukua. Alisimama pembeni bila kunishika, kama mtu aliyezoea.

"Kaka, unataka maji?"

Nikatikisa kichwa. Ndipo nikasema sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia msichana nisiyemjua.

"Samahani, dada. Shangazi yangu yuko langoni na maharage, anamtafuta mwenye msiba, na hawezi kuondoka bila kumwona."

Nilitegemea acheke. Ningecheka mimi. Akasema, "Mwenye msiba?"

"Mtu wa kupewa pole. Mtu wa hapa, wa kuketi naye chini."

Akatazama viatu vyake. "Wageni huandika kwenye kitabu," akasema. "Wengine huacha maua. Hili hatujaulizwa." Kisha akasema, "Njoo."

Akanipitisha mlango wa nyuma hadi kwenye makaburi. Mama mmoja mwenye koti la kazi alikuwa anang'oa magugu kati ya maua. Nikamwamkia kwa heshima ya kwetu. Msichana akamnong'oneza, na yule mama akaniuliza swali moja tu.

"Ametoka mbali?"

"Benaco, mama."

Akajifuta mikono, akavua koti la kazi. Ndani alikuwa na gauni la kawaida tu, lakini bila lile koti alikuwa mtu mwingine. Msichana aliniambia tukiwa nyuma yake kwamba ndugu za mama huyu wote wamelala hapo, na kwamba kazi ya maua aliiomba mwenyewe.

Langoni shangazi alimwona akija, akataka kuinuka. Yule mama akamzuia kwa mkono, akaketi mbele yake kwenye nyasi. Kapu likawa katikati yao. Mlinzi mwenye suti akageuka upande mwingine, akawa anayatazama magari barabarani ambako hakukuwa na gari.

Nilidhani shangazi angesema maneno mengi. Alishika mikono ya yule mama, na sauti yake ikawa ndogo kama yangu.

"Poleni. Nimechelewa."

"Umechelewa," akajibu yule mama. Akafunua kitambaa, akachota maharage kiganjani, akayatazama. "Miaka yote hii! Hayajatobolewa na wadudu?"

Sijawahi kuona mtu akimtangulia shangazi kwa mzaha.

"Haya ni ya msimu huu," akasema. "Yale ya mwaka ule tuliyala."

Yule mama akacheka, shangazi naye akacheka, na kwenye kicheko hicho hicho shangazi akaanza kulia. Alilia kwa sauti, vile wanavyolia kwetu, mkono kichwani. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Yule mama alimwacha alie, akimshika goti.

Baadaye shangazi alitaja jina la rafiki yake na kilima chake. Yule mama akatikisa kichwa. Hakumjua.

"Lakini nimekupokea," akasema. "Kwa ajili yake nimekupokea."

Dereva wa Nyakanazi akapiga honi. Kule kanisani tulikuwa tunasubiriwa. Mwalimu wa kwaya akaja akitembea haraka, akainama kwa shangazi.

"Mama, muda umekwisha. Twende."

"Nitaondokaje? Mwenye msiba hajaniruhusu."

Mwalimu akamtazama yule mama, akitegemea msaada. Yule mama alikuwa ameshatandaza kitambaa cha kapu kwenye nyasi na kumimina juu yake maharage kidogo, anatoa vijiwe, kama wafanyavyo wanawake kwenye kila msiba ninaoujua.

"Kaeni kidogo," akasema.

Mwalimu akavua koti lake la sare, akalikunja vizuri, akaketi. Wanakwaya wakashuka garini mmoja mmoja na kuketi nyuma yake. Mwimbaji wa sauti ya tatu akauliza kama tuimbe, shangazi akamwambia aketi kwanza. Yule msichana aliyetuongoza naye akaketi, karibu nami, nikaanza kuchambua maharage kwa bidii ambayo nyumbani haijawahi kuonekana.

"Haya, niambie," yule mama akamwambia shangazi. "Huyo rafiki yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Shangazi akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Mkaidi," akasema. "Na chumvi hakujua kuweka. Siku zile tatu alizonipikia, nililia machozi ya mtoto na machozi ya chumvi."

"Alizidisha?"

"Alizidisha! Ngoja nikueleze."

Akasogea karibu, akavuta rundo lake la maharage, akaanza kueleza.