Jazi ya Matanga

Mimi na Afande hatukukusudia kuwa watu wa matanga. Tulikusudia kuwa watu wa jazi. Lakini Embu ya wakati ule, kahawa ikiwa bado inalipa karo na kujenga nyumba za mawe, haikuwa na haja ya watu wa jazi. Watu wa matanga ndio waliohitajika.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikikaa chumba kimoja mtaa wa Dallas hapo hapo Embu mjini, na kila Jumapili nilipiga piano ya kanisa. Ilikuwa piano ya ukweli, ya mbao, iliyoachwa na mmishonari aliyerudi kwao, na panya walikuwa wameila ndani hadi sauti zake mbili zikanyamaza kabisa. Afande alikuwa mzee wa Gachoka, upande wa Mbeere, aliyestaafu kutoka bendi ya askari. Alirudi nyumbani na saksafoni ya sauti nzito, pamoja na kitabu cha bluzi na jazi za kupigwa na watu wawili, mmoja kwenye piano na mwingine kwenye saksafoni. Alizunguka muda mrefu akimtafuta huyo wa piano. Alipoambiwa yupo, ila ni mwanamke, tena mwalimu, tena wa kanisa, alijibu, "Si anajua kuhesabu mpaka nne? Aje."

Tulifanya mazoezi kanisani Jumamosi mchana, milango imefungwa, kwa sababu wazee wa kanisa walijua kwamba saksafoni ni chombo cha baa. Hawakuwahi kuingia baa, walisema, lakini walijua.

Kosa lilianzia kwenye mazishi ya mfanyabiashara mmoja wa kahawa. Familia ilimtaka Afande apulize tarumbeta kaburini, kama wanavyofanyiwa wakubwa. Akawaambia hana tarumbeta, ana saksafoni. Walitazamana, wakaamua kwamba hata hiyo ni ya shaba, basi ije. Piano ikapakiwa kwenye lori pamoja na hema na viti, nasi tukapiga bluzi ya polepole, ile ambayo kitabu kilisema ni ya mtu aliyeachwa na mpenzi wake na hana nauli ya kumfuata. Kina mama walilia mpaka wakashikiliwa. Mchungaji alivua miwani akaifuta. Mama mmoja alinijia baadaye kuniuliza ni namba ngapi katika kitabu cha nyimbo za kanisa.

Kuanzia hapo, ama mtu alizikwa na piano na saksafoni, ama alizikwa kimaskini. Wazee wa kanisa nao wakagundua kwamba saksafoni ni tarumbeta ya malaika, ila imepinda. Tuliitwa mpaka Meru. Huko tulikodi vyumba mtaa wa Majengo, ambako muuza nyama mmoja, akituona tu tukishuka, aliweka kisu chini na kuuliza, "Leo ni nani ametuacha?" Kuna mzee tajiri, mwenye afya kuliko mimi, aliyekuja kanisani na koti jipya, akaketi, akafumba macho, akatuomba tumpigie ile tutakayompigia siku yake. Tulipomaliza, alifungua macho na kulalamika kwamba ni fupi.

"Mimi si mtu wa kuzikwa haraka haraka," alisema.

Nakubali tulivimba kichwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nasi tulitia maji ya kutosha. Afande alirefusha sehemu yake hadi mwanasiasa mmoja akatuma mtu atuambie kwamba tunakula muda wake wa hotuba. Siku moja, tukiwa tumechoka na huzuni za watu, tulijaribu kuwapigia jazi ya kasi, ile ya kuchezesha mabega. Hakuna bega lililocheza. Mchungaji alisimama, akawaeleza waombolezaji kwamba ile ya polepole ni mwili ukishuka, na hii ya haraka ni roho ikipanda. "Amina," wakaitikia. Basi hata jazi yetu ya furaha ilizikwa siku hiyo.

Afande hakujali, mpaka binti yake wa pekee alipochumbiwa na kijana wa familia ya wakulima wa Meru. Hapo ndipo aliponieleza kwamba jazi ile ya kasi alijifunza kambini kwa ajili ya huyo binti, aliyekuwa mtoto mchanga asiyenyamaza kwa wimbo wowote wa polepole. Tangu wakati huo alikuwa ameapa kumpigia siku ya harusi yake. Hakutaka kitu kingine katika dunia hii.

Kamati ya harusi ilikutana. Mwenyekiti, baba mdogo wa bwana harusi, alikuwa mtu wa adabu sana.

"Afande, hiyo music yenu tunaiheshimu. Ilizika baba yangu vizuri. Lakini si tuwe serious? Hiyo ni kitu ya burial. Mtoto ataanza maisha na burial?"

"Hii si ya burial. Hii ni ya kucheza."

"Na umewahi kuona nani akiicheza, mzee?"

Afande alianza kuinuka. Mkewe alimvuta koti, akamnong'oneza kwa Kimbeere akae kimya kama wazazi wengine. Nilimwonea huruma mpaka nikawachukia wale watu wote pamoja na chai yao.

Aliyetuokoa ni binti mwenyewe. Asubuhi ya harusi, upande wa bwana harusi ulisimama nje ya mlango ukiimba ili bibi harusi atolewe, kama ilivyo desturi. Akawajibu kutoka ndani, "Imbeni mpaka jioni. Baba asipopiga, mimi sitoki." Mwenyekiti aliangalia jua, akaangalia magari, akakubali wimbo mmoja tu, kabla ya keki.

Baada ya ibada, sherehe ilifanywa uwanjani pa kanisa, kwa hiyo tuliisukuma piano hadi mlangoni. Mwenyekiti alishika kipaza sauti. "Wageni wetu, msishtuke. Hakuna mtu amekufa." Wageni ambao hawakuwa wameshtuka wakashtuka.

Tukaanza. Ilikuwa jazi safi, na sijawahi kuipiga vizuri kama siku hiyo. Wanaume wakasimama na kuvua kofia. Kina mama wakashika mashavu. Kisha mzee mmoja wa mstari wa mbele aliondoka kitini, akatembea taratibu, kichwa kimeinama, hadi kwenye meza ya maharusi. Alikuwa amezoea kwamba muziki huu ukipigwa, watu hupita kumuaga marehemu, na miguu ilikwenda bila kukiuliza kichwa. Wengine wakamfuata. Foleni ikajipanga yenyewe.

"Poleni," walimwambia bwana harusi wakimpa mkono. "Mungu awatie nguvu."

Bwana harusi, maskini, akawajibu asante.

Bibi harusi aliitazama ile foleni, akavua viatu, akapita katikati yao mpaka mbele ya piano, akaanza kucheza. Peke yake. Mabega aliyachezesha pale pale yanapotakiwa, kama mtu aliyeujua wimbo kabla ya kujua kuongea.

Afande alimwona. Mdomo ukaanza kumtetemeka, na saksafoni haipigwi kwa mdomo unaotetemeka. Ikatoa sauti moja ya ajabu, ikanyamaza. Nikaendelea peke yangu, nikipiga sehemu yangu na yake, vibaya, ili binti asikose cha kuchezea. Mzee wa watu alisimama ameikumbatia saksafoni, machozi yakimtiririka, akimtazama mtoto wake ambaye jioni hiyo angekwenda kuishi Meru.

Foleni ikageuka, ikaja upande wetu. Wakampa mkono mmoja baada ya mwingine. "Pole, Afande. Pole sana." Mara hii hakuna aliyekuwa amekosea.