Msomi Aliyekula Asali ya Bibi

Juzi, nikiwa kwenye kochi ambalo mume wangu anadai nimeota mizizi humo, redio ikamsifu profesa wa sheria aliyestaafu, mtetezi wa ardhi ya wanyonge. Nilicheka hadi chai ikanipalia.

Kitabu kilichomjengea jina kilianzia kijijini kwetu Ntalikwa, alasiri moja nikiwa mtoto, alipokuja na viatu vinavyong'aa na harufu ya sabuni ya kunukia. Kesho yake lori lilikuwa lituhamishie kijiji cha ujamaa, na bibi yangu hakutaka kuiacha mizinga yake ya nyuki. Akamwekea mgeni asali. Msomi akala huku akiandika kila neno la bibi, akilamba kidole kila alipofungua ukurasa.

"Bibi, hii si haki. Sheria hairuhusu kabisa!"

Kwa akili zangu za kamasi, nilidhani msomi wa sheria huiswaga sheria kama mchungaji na ng'ombe wake. Kumbe huitazama tu ikipita, na kuandika ilikuwa na rangi gani.

"Basi kesho utakuwepo, baba?" bibi akauliza.

"Kesho napanda treni, bibi. Nina mkutano Dar."

Lori lilipofika nikagoma kupanda. "Tusubiri! Yule mwanasheria ameenda kulizuia!"

Mgambo wakacheka. Bibi, aliyekwisha kukaa juu ya magunia, akaninyooshea mkono.

"Panda, mke mwenzangu. Yule alikuja kuvuna, na kashavuna."